Makaa ya Arubaini

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu Nasra, kuliko hata siku ya harusi yangu, na ndiyo niliyoinyamazia kuliko zote. Leo nitaisema. Kaa hapo mkekani, liache hilo sanduku kwanza. Na weye Zuwena, mama yake, usikimbilie jikoni, chai itachemka yenyewe. Haya yanakuhusu weye kuliko mtu yeyote nyumba hii.

Asubuhi nimelikuta sanduku liko wazi katikati ya ukumbi. Sikupekua, mie si mpekuzi, lakini macho ninayo. Nimeona makoti mawili ya mtumba mliyoyanunua sokoni Konde, mazuri, zipu zake nzima. Nimeona kanga, udi na pilipili manga. Na chini kabisa, imeviringishwa taulo, nimeona seredani, lile jiko dogo la udongo, na kifuko cha makaa. Aliyevitia namjua. Kavitia kwa mapenzi, kwa sababu una mimba ya miezi mitano, utajifungulia huko kwa mumeo, kwenye baridi ya nchi ya watu, na mzazi wa kwetu hamalizi siku arubaini za uzazi bila ya moto chini ya kitanda. Hata mie mama yangu alinitilia vivyo hivyo.

Ilikuwa miaka kumi na kitu baada ya Mapinduzi. Babu yako alikuwa baharia wa meli za mizigo, akapanga chumba katika mji mmoja wa bandari, kaskazini ya Uingereza, akaniita. Nikatoka hapa Jadida mwezi wa kumi na moja, nina mimba ya miezi saba, nimevaa makubadhi. Haya, cheka, hata mie sasa nacheka. Nilidhani baridi ni ile yetu ya mwezi wa saba, ambayo mtu akijitanda kanga ya pili mambo yamekwisha. Kufika kule, nikishuka tu, vidole vya miguu niliviona lakini sikuvisikia.

Chumba chetu kilikuwa ghorofani. Ukutani palikuwa na hita ya gesi, na juu yake, karibu na dari, kitundu chenye wavu cha kuingizia hewa kutoka nje. Babu yako alinionesha mara moja namna ya kuiwasha ile hita. Bonyeza hapa, zungusha pale, subiri kidogo. Mie nikaitikia ndiyo, ndiyo, na wala sikuelewa hata kimoja. Niliona haya kumwambia anioneshe tena. Unajua tena mke mpya, anataka aonekane hodari.

Nikajifungua mwezi wa Januari, hospitali, mtoto wa kike mwenye afya yake. Siku ya tisa meli ikamwita babu yako, akaondoka. Kesho yake asubuhi naamka, hita imezimika na kioo cha dirisha kimeganda barafu kwa ndani. Kwa ndani, mwanangu! Nikabonyeza, nikazungusha, wapi. Chini alikaa mama wa Kizungu, mwenye nyumba, mtu mwema tu. Kiingereza sikuwa nacho, lakini kidole ninacho. Ilinitosha kushuka ngazi na kumwonesha. Sikushuka. Nilijiambia atasema watu hawa hata kuwasha moto hawajui, na moto mie naujua toka nina miaka sita.

Basi nikaitoa seredani ya mama. Nikayawasha makaa dirisha likiwa wazi, nikayapepea mpaka yakawa mekundu yote na moshi ukaisha, kama tunavyofundishwa huku kwetu, kwamba moshi ukishakwisha ndipo moto unaingizwa chumbani kwa mzazi. Nikauweka chini ya kitanda. Nikafunga dirisha, nikaziba nyufa zake kwa magazeti. Chini ya mlango nikasukumiza shuka. Kile kitundu cha ukutani kilikuwa kinanipulizia baridi kichwani, nikapanda kiti na uchovu wangu wa uzazi nikakishindilia kanga. Kikazibika barabara. Chumba kikapata joto, nikajiona fundi.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni uzazi. Nikampa ziwa mtoto, hakutaka kunyonya. Nikasema ameshiba joto, amelala. Miguu ikawa mizito, nikasema ni uchovu. Kila kitu nilikipatia jina lake, ila jina la kweli.

Alikuwepo bibi mmoja mtaa wa pili, Bi Raya, mtu wa Konde, mjane wa baharia, ameishi kule miaka. Kila asubuhi alikuwa akiniletea uji wa pilipili manga. Siku hiyo akagonga, sikuweza kuinuka. Akausukuma mlango na lile shuka lake mpaka ukafunguka.

"Saumu! Kuna nini kuno?"

"Naota moto, Bi Raya," nikasema. "Funga mlango, baridi inaingia."

Hakufunga. Aliliweka bakuli sakafuni, akaenda moja kwa moja dirishani akalifungua lote. Kisha akamchukua mwanangu kitandani, akamtoa kwenye mablanketi, akamtoa kichwa nje ya dirisha, na nje theluji inaanguka. Mie nikatambaa nikamshika kanga yake navuta, nalia, naye hata hatikisiki.

"Utamuua mwanangu kwa baridi!"

"Unayemuua ni weye! Na joto lako hilo!"

Ndipo nikamwona. Mikono ilining'inia kama kitambaa kilichoroa, na kifua sikuona kama kinapanda. Nilimwita jina lake, na jina lenyewe ndiyo kwanza lina siku tatu. Bi Raya akampuliza usoni, akamsugua nyayo, akampuliza tena. Baridi ile niliyoiziba kwa kanga ikamwingia, akakunja uso, akatoa kilio kidogo, chembamba, kama cha kitoto cha paka. Sijasikia tena sauti tamu kama ile mpaka leo.

Mama mwenye nyumba akapanda mbio kwa yale makelele, akaita gari la wagonjwa. Tulilazwa siku tatu, mimi na mtoto, tumevishwa mipira ya hewa puani. Siku ya pili Bi Raya akaja akakaa pembeni ya kitanda. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nyumba ya mamako ina uwazi kati ya ukuta na paa hata popo hupita," aliniambia. "Mlango unashinda wazi kutwa. Sumu ya makaa inatoka yenyewe, hamjui hata kama ipo. Hapa umejifungia nayo. Moshi ukikwisha sumu haijesha, Saumu. Haionekani, haina harufu. Kwa nini hukwenda kuuliza?"

"Niliona haya."

"Haya?" Akanitazama. "Basi tungemzika mtoto kwa sababu ya haya."

Nikamchukua mwanangu nikamweka kifuani.

Usinitazame hivyo, Zuwena. Ndiyo, ni weye. Baba yako aliporudi nilimwambia ulishikwa na kifua, akaamini, akafa anaamini. Bi Raya alinisitiri, Mungu amrehemu. Nimerudi na weye hapa una miaka minne, watu wakanisifu, tazameni Saumu kalea mwana nchi ya baridi peke yake. Sifa nikaipokea. Nikanyamaza miaka yote hii ili nionekane mama mwema, na kwa kunyamaza kwangu umekua hujui. Leo umemtilia mwanao makaa yale yale. Kosa hilo si lako hata kidogo, ni langu.

Sasa nisikilize, Nasra, maana Alkhamisi unapanda ndege. Ukifika tu, kabla hujafungua sanduku, mwambie mumeo akuoneshe hita. Akishakuonesha, izime, uiwashe weye mwenyewe mbele yake. Usipoelewa sema sijaelewa, hata mara kumi, akikasirika atapoa. Muulize pia ni nani anayekuja kukagua gesi kabla ya majira ya baridi, na ukutani kuna king'ora cha kunusa hiyo sumu au hakuna. Siku hizi vipo, vinalia wenyewe. Kama hakipo, kitafutwe kabla ya kochi na kabla ya televisheni.

Kitundu cha hewa usikizibe, hata kikupulize vipi. Sogeza kitanda. Asubuhi fungua dirisha kidogo, theluji iwepo isiwepo, kisha ufunge. Nguo vaa nyembamba nyingi, moja juu ya moja, ya sufu iwe karibu na mwili. Koti moja zito juu ya baibui halikusaidii kitu. Na viatu, tafadhali, vya kufunika mguu. Makubadhi ya ukoo wetu yametosha.

Arubaini yako kaa, sikukatazi. Kandwa kwa maji moto, kunywa uji wako wa pilipili manga, jifunge tumbo. Kipo kichupa cha mpira cha kutia maji moto, kiviringishe kanga ukiweke kiunoni, joto lake linatosha. Moto wa makaa tu ndio usiuingize ndani ya nyumba ile, uwe na moshi au usiwe nao.

Na ukikosea, maana utakosea, usifiche kama mie. Piga simu hapa siku hiyo hiyo. Tutakucheka, kisha tutakusaidia.

Mola akufikishe salama, akujaalie uzazi mwepesi na mtoto mwenye pumzi ndefu. Akupe majirani mfano wa Bi Raya, wanaosukuma mlango. Awahifadhi ndani ya nyumba yenye joto na hewa, na siku moja akurejesheni hapa nimwone kitukuu wangu kama nitakuwa hai. Amin.

Haya, Zuwena, futa macho. Seredani iko chini ya taulo, upande wa kushoto. Itoe weye kwa mkono wako, mwanangu, kisha uniletee niivunje.