Bangili ya Fundi Redio

Jumamosi mnadani Bariadi nilimkuta fundi redio wetu wa zamani amekaa nyuma ya turubai. Tangu biashara ya nje ifunguliwe, redio mpya zinauzwa kwa bei ya kuku, na zikiharibika zinatupwa. Alikuwa anauza ili kumaliza spea zake zote, hata zile alizojiwekea za kuundia redio zake mwenyewe kila Jumapili.

Mama mmoja aliyetoka kuuza pamba akainama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu," fundi akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Akachota rezista, vile vipande vidogo kama punje za mpunga, vyenye mistari ya rangi na waya huku na huku. "Shanga hizi nzuri. Zinavaliwa shingoni au mkononi?"

Fundi akasogeza kimoja machoni. Sauti yake ikachangamka. "Si shanga, mayu. Rangi zake zinasomwa. Kahawia, nyeusi, nyekundu: hiyo ni elfu moja."

Mama akavirudisha vyote haraka. "Elfu moja, kashanga kamoja? Punguza, baba."

Fundi alifungua mdomo aeleze kwamba elfu ile ni ya omu, kipimo cha umeme, si ya shilingi, nikamwona anatafuta pa kuanzia. Akasokota vipande kumi na viwili, waya kwa waya, kwa utaratibu uleule aliokuwa akiungia redio zetu, mpaka ikawa bangili.

"Nimepunguza, mayu. Vyote kumi na viwili kwa elfu hiyohiyo," akasema. Mama akalipa, akiivaa na kunung'unika kwamba bado ni ghali.

Wakubwa wanatuambia kwamba katika soko huria kila kitu hupata bei yake. Ni kweli. Jumamosi ile elimu ya fundi ilipata yake, na mnunuzi bado aliiona ghali.