Matairi Yaliyomshusha Mama Mkwe

Kosa ni langu. Siyo la barabara, siyo la fundi, siyo la shetani, ingawa shetani nilijaribu kumsingizia wiki nzima ya kwanza na hakuna aliyeniamini. Ni mimi! Kaa hapa nikusimulie, maana nikiendelea kukaa nalo peke yangu litanitoboa tumbo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Iringo, hapa Musoma mjini. Mtu wa misumari na mabati. Basi mtu wa misumari na mabati akaona anachokosa maishani ni gari la michezo. Sedani nyeusi, imekaa chini, eksozi inanguruma, rimu za inchi kumi na nane, na tairi jembamba kama chapati ya mgahawani. Watu wakageuka kunitazama. Ila wakwe zangu wanaishi Butiama, kijijini ndani, lami ikishakwisha. Hilo sikulifikiria. Wenye akili hufikiria; mimi nilikuwa na eksozi.

Kila nikienda ukweni, narudi na hasara. Leo rimu imepinda, kesho tairi limevimba ubavuni kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Nikaenda Bunda kwa fundi wangu wa kata ya Manyamanyama, mzee mmoja mpole anayepima kila kitu kwa futi, hata visivyohitaji kupimwa. Akaniambia, "Weka rimu ndogo, za kumi na sita, halafu tairi yenye mpira mrefu ubavuni. Shimo inapigaga mpira, rimu inapona. Lakini kimo cha jumla kibaki kilekile. Hapa kati ya tairi na madigadi una nafasi ya vidole viwili tu."

Kimo kilekile! Mimi nilitaka gari linyanyuke. Nilikuwa nimesoma mambo ya matairi kwenye simu jioni mbili nzima, kwa hiyo nilishakuwa profesa. Nikachagua marefu kuliko yote yaliyokuwepo dukani kwake.

Fundi akainama, akapima, akatikisa kichwa. "Kijana, ukiwa peke yako haitagusa. Ukipakia watu nyuma, itakula madigadi. Jaribu kwanza na mzigo."

"Mzee, wewe funga tu."

Akafunga. Nami nikajaribu wiki nzima, peke yangu! Musoma hadi Bunda, Bunda hadi Butiama, kiti cha nyuma kimebeba koti langu. Gari likapita kwenye mashimo kama halijayaona. Nikawaita majirani waje watazame. Nikawapa somo la rimu na matairi bure kabisa, hata wale wasio na baiskeli.

Sasa sikiliza dhambi yenyewe.

Mtoto wetu wa kwanza amepewa jina la bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Jumapili ile alikuwa anabatizwa hapa Musoma, na bibi alikuwa amekubali kuja kulala nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza. Kwetu hilo si jambo dogo. Mama mkwe unamheshimu mpaka basi: humtazami usoni, humpi mkono, ukimwona njiani unampisha. Mke wangu alikuwa amembembeleza miaka miwili. Akanishauri tukodi haisi ili mama akae kwa nafasi. Nikakasirika! Kukodi, na matairi haya nimeyafunga?

Jumamosi asubuhi tukaenda kumchukua. Mbele mke wangu na mtoto. Nyuma akaingia mama mkwe, mwanamke mwenye mwili wake, Mungu ambariki, pamoja na mdogo wake, naye mwenye mwili wake. Kwenye buti tukapakia gunia la unga wa mtama, viazi na majogoo wawili, zawadi za mjukuu.

Hatukufika mbali. Kishimo cha kwanza: krrrrr! Cha pili: krrrrr! Harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani, majogoo wakaanza kupiga kelele. Nikasimama, nikashuka, nikachungulia. Gari limeketi nyuma, na tairi limezama ndani ya madigadi, linachunwa.

Ningeweza kushusha gunia. Ningeweza kupiga simu haisi ije. Ningeweza kusema, "Nimekosea kuchagua matairi." Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko gunia. Kwa hiyo nikaenda dirishani kwa mke wangu, nikamwambia kwa sauti niliyodhani ni ndogo, "Mwambie mama ashuke kidogo. Tairi hazina shida, shida ni uzito wa nyuma."

Jamani! Mwanaume mzima, na ndevu zangu, nazungumzia uzito wa mama mkwe!

Mke wangu akanikodolea macho. "Unasemaje?"

"Uzito," nikarudia, ili dhambi ikamilike.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe akashuka taratibu, akajifunga vizuri kitenge chake, akasimama akitazama shamba la mihogo. Mimi hakunisemesha. Alisema na binti yake, nami nimesimama hatua mbili tu:

"Mwambie mume wako, ng'ombe zake zilikujaga hapa zimekonda, mbavu zote nje. Sisi hatukuzipima kilo. Tulizipokea."

Akageuka, akaanza kutembea kurudi kwake. Mdogo wake akamfuata.

Na mimi unajua nilifanya nini? Nilitazama tairi! Nikaona nafasi kati yake na madigadi imerudi, nikafurahi, nikamwita mke wangu aje aone. "Si unaona? Sasa haigusi." Mungu anisamehe, maana mke wangu bado.

Mtoto alibatizwa bila bibi. Mchungaji akauliza bibi mwenye jina yuko wapi tumwombee pamoja, na kanisa zima likatugeukia. Mke wangu alijibu kwamba amepata dharura, kisha akalia mpaka kitambaa cha mtoto kikalowa. Tangu siku hiyo chakula naletewa, maji ya kuoga naletewa, maneno siletewi. Nimeumia, sikufichi. Nyumba yangu imekuwa kimya kuliko duka siku ya Jumapili.

Nilirudi kwa fundi. Hakuniambia "si nilikuambia?" Alichukua futi tu, akafunga matairi ya kimo alichokitaja tangu mwanzo. Sasa gari linapita kokoto zote za Butiama bila mlio.

Kwa hiyo wewe unayetaka kupunguza rimu na kupandisha tairi, fanya, ni jambo jema. Ila mwache mwenye futi apime, na ujaribu gari na watu utakaowapakia, siyo na koti lako. Na likisugua, sema wewe ndiye uliyekosea! Sema haraka, kabla mdomo haujatafuta mtu mwingine. Nakuomba.

Jumamosi iliyopita nilienda ukweni kuomba msamaha kwa mara ya nne, safari hii na mjomba wangu wa kuniombea. Tukasimama uani, mimi macho chini. Mdogo wake mama mkwe akapokea ombi letu, akaingia nalo ndani, akakaa huko kitambo, akatoka amejiziba mdomo na kanga.

"Dada anasema amesikia, na amekusamehe," akasema. "Kuja kwako atakuja. Ila umsubiri kidogo, bado anapungua."