Mwalimu anayegeukia ukuta watoto wakiandika nywila

Saa mbili na robo asubuhi, katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Msambweni, Mwalimu Gedion Wafula amewapa wanafunzi wake mgongo. Ameukabili ukuta, pua karibu iguse chokaa, mikono ameifumbata nyuma kama mtoto aliyetiwa adabu.

"Tayari?" anauliza.

"Bado, mwalimu! Usigeuke!" wanamjibu kwa pamoja, wakicheka.

Nyuma yake vidole vinabonyeza vishikwambi. Kila mtoto anaandika nywila yake, lile neno la kufungulia akaunti anamohifadhi kazi zake. Mpaka wa mwisho aseme amemaliza, mwalimu hana ruhusa ya kugeuka. Sheria hiyo ameitunga mwenyewe, baada ya kosa ambalo nusura limtoe hapo shuleni.

Gedion, 34, ni mzaliwa wa Bungoma. Alikuja Diani kufanya kazi ya mapokezi hotelini, na hoteli ilipofunga milango akabaki na ujuzi wa kompyuta na kodi ya chumba Ukunda. Akasikia kuna shule Msambweni ambayo vishikwambi vyake vimefungiwa kabatini kwa kukosa wa kuvifundishia. Akaenda kupiga hodi.

"Vingine vilikuwa bado kwenye makaratasi yake," asema. "Niliona uchungu. Watoto wanapita dirishani kila siku, na vitu vyao vimefungiwa ndani."

Halipwi na serikali. Wazazi humchangia kupitia bodi ya shule, elfu nane hivi mwezi ukiwa mzuri, na jioni hutengeneza simu sokoni ili sufuria isikae bure. Wazazi hao hao, wakimchoka, kazi imekwisha.

Watoto hawakuchelewa kumpenda. Muhula haujaisha walikuwa wakiandika insha, wakipiga picha miche ya bustani ya shule, na kuitafuta Majoreni kwenye ramani kwa sababu nusu ya darasa ina shangazi huko.

Kisha akafika kwenye somo la nywila. Akalifundisha vile vile alivyofundishwa hotelini: usimwambie mtu yeyote. Hata rafiki? Hata rafiki. Hata mama?

"Hata mama," akajibu, akafuta ubao, akaenda zake.

Jioni hiyo Bi Mbeyu, anayekaanga bajia kando ya barabara, alimuuliza bintiye Esha amesoma nini. Esha, wa darasa la sita, akamwambia, "Siwezi kukwambia, mama. Mwalimu amesema ni siri, hata wewe usijue."

Aliyelea mtoto kwenye ukanda huu wa hoteli na wageni hahitaji kuelezwa kilichofuata. Hapa mama humfunza mwanawe mapema: mtu mzima akikukataza kumwambia mama jambo, kimbia ukamwambie mama. Somo hilo hurudiwa madrasa na kanisani. Na sasa mwanamume mgeni, tena aliyetoka mahotelini, amewaambia watoto maneno yale yale waliyoonywa.

Asubuhi akina mama walijaa ofisini kwa mwalimu mkuu, Mzee Jaafar. Walitaka Gedion aondoke siku hiyo hiyo.

"Sikumtukana," akumbuka Bi Mbeyu. "Nilimuuliza tu, mwanangu, mamako angesikia mtu mzima amekwambia umfiche jambo, angenyamaza?"

Gedion angeweza kujitetea. Ni kweli nywila si kitu cha kutangaza. Lakini swali lile lilimwingia.

"Mama yangu angekuja na panga," asema. "Niliogopa. Si kwa sababu ya kazi peke yake. Niliona nimewabomolea watoto ulinzi waliojengewa na mama zao."

Akaomba radhi pale pale. Mzee Jaafar naye akawasihi akina mama wampe wiki moja.

Ndani ya wiki hiyo Gedion aliipindua sheria yake. Nywila huijua mtoto na mamake, au yeyote anayemlea. Asiyetakiwa kuijua ni mwalimu. Na mtu yeyote akikutaka umfiche mama jambo, mkimbilie mama umwambie. Ndipo alipoanza kugeukia ukuta, akina mama wakimtazama dirishani. Ni walimu wangapi wangekubali kusimamishwa ukutani na wanafunzi wao? Huyu alikubali, na kwa hilo anastahili heshima.

Miezi michache baadaye, Esha alikuwa ameshika simu ya mamake ujumbe ulipoingia. Mtu asiyemjua, akijiita rafiki, alimtaka amtumie picha yake, kisha akamalizia: usimwambie mama.

Esha hakujibu. Alitoka mbio hadi barabarani, akamkabidhi mamake simu pale pale kwenye karai la bajia.

"Nilimuuliza nani amekufunza hivi," asema Bi Mbeyu, akifuta macho kwa pindo la leso. "Akaniambia, wewe mama, na mwalimu."

Kesho yake alidamka kwenda shuleni. Gedion alimwona akiingia langoni. Alidhani amekosea tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unifunze na mimi."

Sasa kila Jumamosi darasa ni la akina mama. Gedion anatamani kulifikisha Mkongani, kisha Kinango, kwenye shule ambazo vishikwambi bado vinakula vumbi.

"Nikienda huko sitaanza na watoto," asema. "Nitaanza na mama zao, na Bi Mbeyu amekubali tufuatane. Yeye ndiye atakayezungumza kwanza."

Jumamosi hii Bi Mbeyu ameketi kwenye dawati la bintiye, magoti yamebanwa. Anajifuta unga wa dengu vidoleni, anakivuta kishikwambi karibu, halafu anamtazama mwalimu aliyesimama mbele yake.

"Mwalimu," anamwambia, "geuka."

Gedion anageukia ukuta.