Siku Nilipodaka Goli la Makambako

Ukitaka kunikasirisha, niambie mechi ya kirafiki ni ya kupotezea muda. Mkwe wangu aliniambia hivyo juzi, tena kwangu, tena akinywa chai yangu. Nikamwambia atulie nimsimulie, na chai asiongezewe mpaka nimalize.

Ilikuwa zamani za Mwingereza. Nilikuwa na cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Njombe mjini, na Jumamosi nilikuwa kipa. Timu yetu ilikuwa mchanganyiko: Walutheri, Wakatoliki wa misheni, makarani, na wachuna magome ya miwati, ile miti ya dawa ya kulainishia ngozi. Kabla ya kila mechi tulisali mara mbili, kila upande kwa namna yake, na refa akasimama pale na filimbi yake akinuna. Kapteni wetu alikuwa nyapara kwenye mashamba ya miwati, mtu mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya bonde.

Balaa langu lilianza masika. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi, umefungwa mdomoni kwa kamba ya ngozi, na ukilowa ulikuwa mzito kama gunia la viazi. Fowadi mmoja akaachia shuti, nikaruka, na ile kamba ikanipata juu ya jicho. Damu ikatapakaa. Nilishonwa hospitali, jeraha likapona, lakini hofu ikabaki. Toka siku hiyo mpira ukinijia nafumba macho. Wallahi sikukusudia! Yalikuwa yanajifumba yenyewe. Mechi mbili mfululizo tukafungwa magoli ya aibu, na watazamaji wakaanza kuniita Bwana Usingizi. Hata wateja waliokuja kushonesha kaptura waliniuliza kama nimeamka salama.

Ligi ikasimama katikati kwa ajili ya mavuno, kama kila mwaka. Kapteni akatukusanya akasema tutakwenda Makambako kucheza mechi ya kirafiki, na tukirudi atatangaza nani atakaa golini ligi ikianza tena: mimi, au karani wa posta aliyekuwa kipa wa pili. Alisema mbele ya wote, bila kunitazama. Nilimchukia siku ile, sifichi. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kuinamia nguo za watu, na golini ndipo nilipojiona mtu kamili. Nikinyang'anywa goli, ningebaki na nini?

Tulisafiri juu ya lori la magome, tukafika tumepauka kwa vumbi. Wenyeji wakatupokea kwa "Kamwene! Kamwene!" na kupeana mikono mpaka mikono ikachoka. Kisha kapteni wao, mwenye hoteli ya chai pale njia panda, akaja na uso mrefu. Kipa wao anaumwa, alisema, mkono umevimba, hawezi hata kushika kikombe. Sasa wafanyeje?

Sisi tulikuwa na desturi yetu katika mechi za namna hiyo. Mwenyeji akipungukiwa, mgeni anamwazima mtu, na aliyeazimwa anacheza kwa moyo wote. Kulegea ilikuwa sawa na kumtukana mwenye nyumba kabla hujala chakula chake.

"Nenda wewe," kapteni akaniambia.

"Mimi? Na golini kwetu?"

"Karani yupo."

Nilivaa jezi ya Makambako machozi yakinilengalenga. Nikajua nimeshatupwa. Nikasimama kati ya milingoti ya watu, nikamwona karani kule mbali akirukaruka kupasha mwili, nikasema moyoni, basi tena.

Halafu nikafikiri. Nikifungwa hapa, wanaofunga ni wenzangu, watashangilia. Makambako nao hawanijui, watasema ni mgeni tu. Sasa namwogopa nani? Hapo ndipo nikavuta pumzi vizuri.

Na kulikuwa na upepo. Aliyekaa Makambako anaujua. Winga wetu alipiga mpira kwenda kushoto kwangu, nami nikaanza kufumba macho kama kawaida yangu. Watu wakapiga kelele, nikafumbua, loo! mpira ulikuwa unakuja kulia. Niliunyakua kwa bahati tu. Hapo nikaelewa kwamba kwenye upepo ule hakuna kufumba. Mpira ulikuwa hauendi ulikotumwa. Ilibidi niukodolee macho tangu unapotoka mguuni mpaka unapotua mikononi.

Nikakodoa. Nikadaka wa pili, nikadaka wa tatu, nikapangua mmoja kwa ngumi. Kina mama wa Makambako wakapiga vigelegele, nami nikaanza kucheka peke yangu golini kama mwehu. Furaha ilinijaa mpaka nikawachokoza wenzangu: "Leteni basi! Mmeishiwa?" Winga wetu alinitukana Kibena, na sitafsiri.

Makambako wakapata goli moja, karani akiwa ameuacha upepo umdanganye. Karibu na mwisho, beki mmoja wa Makambako akaushika mpira kwa mkono. Penalti. Kapteni wetu akauchukua mwenyewe, uso umemwiva kwa hasira. Akarudi nyuma, akaja mbio, akaupiga kwa nguvu zake zote, moja kwa moja kuelekea uso wangu, pale pale penye kovu.

Niliukumbatia. Nilianguka nao chali vumbini, na Makambako nzima ikaniangukia juu. Filimbi ikalia, tumefungwa. Yaani, tumeshinda. Mpaka leo sijui niseme lipi.

Wenzangu walinipa mgongo. Tulipokaa kula ugali na nyama ya mbuzi, jamaa mmoja mwenye mabega mapana akaja kutunawisha, birika mkono huu, beseni mkono huu. Akanipongeza, akasema na yeye ni kipa.

"Kipa wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Na mkono uliovimba?"

"Mkono gani?" akauliza, kisha akamtazama kapteni wetu, akaharakisha kwenda kwa mtu mwingine.

Niliruka juu na tonge mkononi. "Kumbe ulipanga! Umenichezea mbele za watu!"

"Nilitaka udake," kapteni akafoka. "Nani alikwambia udake zote? Hata penalti yangu?"

Hapo ndipo timu nzima ilipoangua kicheko, wa kwetu na wa kwao, na winga aliyenitukana akanimegea nyama yake. Kapteni peke yake hakucheka. Ile penalti ilimuuma kweli kweli.

Tulipopanda lori alikuja kukaa karibu yangu. 

"Penalti yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Macho wazi?"

"Niliona mpaka ile kamba inavyozunguka."

Akafungua mfuko wake, akatoa jezi yetu ya kipa, akanirushia kifuani. Niliidaka.