Kijiti Cheupe cha Mwisho

Mume wangu aliondoka Busunzu asubuhi, kwa baiskeli ya kuazima, kwenda kumtafuta mama yake upande wa Burundi. Mtu wa kambi ya wakimbizi alimwambia bibi kizee huyo yupo hai, amerudi shambani kwake. Mimi nilikuwa nimenuna tangu jana yake. Nani amfurahie mume anayerudi kule alikokimbia risasi? Lakini mama ni mama, ningemzuiaje?

Kabla ya kupanda baiskeli alinipa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vijiti vyake vya kuchomelea. Vya kahawia vilikuwa rundo zima. Vyeupe, vyenye madini ya fedha ndani yake, vilikuwa vitatu tu. Huko kwao alikuwa fundi wa majokofu, na alivuka navyo mpaka amevificha kwenye soksi.

"Mama watoto," akasema, "kabla vyeupe havijaisha nitakuwa nimerudi."

"Na vikiisha?"

"Kwa ubahili wako huo? Haviishi."

Nikacheka. Najuta kwamba nilicheka, ningemshika shati.

Kazi ya kuunga alinifundisha mwenyewe. Tulikuwa na mashine ya kusaga, kuukuu, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Bomba lake la shaba nyekundu, lile linalopeleka dizeli kwenye pampu, lilikuwa likikatika pale linapokutana na kichwa chake cha chuma. Fundi wa Kibondo alikuwa mbali na ana maringo. Basi nikajifunza kuwasha taa ya kuchomelea, kupanga matofali yazuie moto usitawanyike, na kuchagua kijiti.

Hapo kwenye kuchagua ndipo penye kazi. Shaba kwa shaba unatumia cha kahawia, maana kina fosforasi, kinajisafishia njia chenyewe, hata dawa ya unga ya kusafishia kiungo hakitaki. Shaba kwa chuma ni cheupe, na dawa unaipaka kwanza. "Cha kahawia usikipeleke kwenye chuma," alikuwa akinionya huku ameshika mkono wangu. "Kitashika, kitang'aa, halafu kitakatika kama biskuti." Kiganja chake kilikuwa cha moto, kinanuka mafuta ya taa. Nakikumbuka kiganja kile kuliko hata sura yake, Mungu anisamehe.

Barua ilikuja moja. Amempata mama, mgonjwa, anamuuguza. Baada ya hapo kimya. Kijiti cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, na cha tatu kikawa kipande cha urefu wa kidole.

Bomba likakatika tena siku ya foleni, akina mama wamejaa na mahindi na mihogo mikavu yao. Nikafungua kopo, nikakiona kile kipande, nikalifunga. Nisije nikasingizia kusahau, nilijua kabisa kinachotakiwa. Ila hesabu yangu ilikuwa hii: cheupe kisipoisha, yeye hajachelewa. Nikachukua cha kahawia.

Lo, kiling'aa! Kilizunguka kiungo vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, nikajiona mjanja, nikamwambia kimoyomoyo, umeona, baba watoto? Siku ya nne bomba lilikatika palepale, dizeli ikamrukia jirani yangu aliyekuwa ananisaidia kumimina mahindi. Nilipolishika, kilichobaki kwenye chuma kikavunjika kwa kucha.

Nikadandia lori mpaka Kasulu. Nilizunguka maduka yote ya vifaa nikakuta misumari, mabati, na vijiti vya kuchomelea mageti. Cheupe hakuna. Muuzaji mmoja akaniambia hicho labda Dar, akarudi kwenye redio yake.

Niliporudi, jirani alikuwa ananisubiri mlangoni kwa mashine, bado ananuka dizeli. "Dada," akasema, "tunatwanga kwa mikono kama enzi za bibi zetu, na wewe una kijiti umekifungia kwenye kopo. Unamwekea nani?"

Nilimtukana. Matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Naye hakuondoka, alikaa chini akaningoja nimalize, na nilipomaliza nikaanza kulia mbele yake, mimi ambaye hata siku ya baiskeli sikulia.

Kisha nikachukua tupa. Nilisugua mabaki yote ya kahawia, maana cheupe ukikibandika juu ya uchafu ule ni kujidanganya mara ya pili. Nikapaka dawa, jirani akapampu taa. Chuma kilipoiva nikagusisha kipande changu. Kikayeyuka mara moja, kikanywewa chote ndani ya mwanya, nikabaki na vidole vinavyoungua.

Kiungo kile hakikuvuja tena. Mashine ilizeeka, tukaiuza kama chuma chakavu bomba hilo likiwa bado zima, na watoto wakakua na kuoa. Mwenye vijiti hajarudi, na hakuna aliyeniletea habari kwamba amekufa.

Siku hizi Kasulu vijiti vyeupe vimejaa madukani. Sina mashine, na macho yangu hayaoni tena rangi ya chuma kilichoiva. Lakini kila niendapo kumwona mgonjwa hospitali ya Kabanga napitia mjini, nanunua kimoja, nakitia kwenye kopo. Alisema kabla havijaisha.