Shangazi Alivyouzwa Kimyakimya

Kwa miaka kumi na saba mfamasia aliendesha gari moja tu, na gari hilo liliitwa Shangazi. Jina lilitoka kwa mumewe, mwalimu wa jiografia ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Alidai gari lile limefanana na dada wa baba yake: umri umekwenda, sauti kubwa, lakini kukiwa na shida mahali, yeye ndiye wa kwanza kufika. Watoto wakalishika jina, majirani wakalidaka, na mwisho hata mlinzi wa hospitali akawa anauliza kila asubuhi, "Shangazi hajambo leo?"

Shangazi alikuwa hajambo siku zote. Aliwahi kubeba friji ya jirani huku mlango wa buti umefungwa kwa kamba. Aliwarudisha watoto wawili nyumbani kutoka wodi ya wazazi. Hakuzimika njiani hata siku moja, na aliyemfanya awe hivyo alikuwa kaka wa mfamasia, mkubwa wake kwa miaka sita, fundi magari. Kila baada ya miezi mitatu kaka alipiga simu: "Mdogo wangu, niletee mgonjwa." Basi Jumamosi mfamasia anakwenda gereji, anapewa kiti, na kaka anajilaza chini ya gari, viatu tu vimebaki nje. Ndivyo walivyozoea kuzungumza. Mambo mazito ya maisha yake, mimba zake, magomvi ya kazini, mfamasia aliyasema akivitazama viatu vile, na jibu lilitoka uvunguni pamoja na mlio wa spana.

Mambo yalibadilika alipopandishwa cheo kuwa mfamasia mkuu wa hospitali. Mwezi wa kwanza tu aliitwa kwenye mkutano wa wakuu, katika hoteli yenye geti la vioo. Mlinzi akamsimamisha, akaitazama rangi ya boneti iliyopauka, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, wanaoleta vitu vya jikoni wanapita geti la nyuma." Gari lililofuata nyuma yake lilikuwa la daktari mkuu. Daktari akacheka, cheko la utani tu, na mfamasia naye akacheka. Lakini siku nzima ya mkutano hakusikia alichoambiwa.

Wiki ileile binti yake wa kidato cha pili akamwomba amshushe kwenye kona, si kwenye geti la shule.

"Kwa nini?"

"Napenda kutembea kidogo, mama."

Mtoto huyo alikuwa hapendi kutembea hata kwenda dukani.

Basi siku moja mfamasia aliomba ruhusa kazini, akamwosha Shangazi, akampeleka kwenye yadi ya magari ambako unaacha gari la zamani, unaongeza pesa, unaondoka na jipya. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na viatu vilivyochongoka. Alilizunguka gari, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu, akafungua boneti na kukunja uso kama mtu aliyenusa kitu.

"Lilikuwa linahudumiwa na nani, mama?"

Swali lilikuwa jepesi. Mfamasia alilifungulia mdomo, na jina la kaka yake lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Akaitazama tai ya yule kijana.

"Fundi fulani tu," akasema. "Wa mtaani."

"Hawa ndio wanaoua magari ya watu."

"Ndiyo," alisema mfamasia.

Hakuna aliyemlazimisha kusema ndiyo. Muuzaji akaandika kwenye fomu, akamsukumia. Mfamasia alivaa miwani, akaisoma yote kama anavyosoma vyeti vya dawa, mstari kwa mstari, kisha akatia saini. Gari jipya lilikuwa jeupe, lina harufu ya plastiki, na lilipowaka halikusikika. Alifika nusu ya njia ndipo akagundua kwamba amekuwa akikaza meno tangu alipoondoka.

"Umemwambia kaka?" aliuliza mumewe jioni, akilizunguka gari mikono nyuma.

"Nitamwambia."

"Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na watu."

"Nimesema nitamwambia, baba watoto."

Hakumwambia. Miezi mitatu ilikuwa imetimia, kaka akapiga simu kama kawaida, akamtaka mgonjwa wake. Mfamasia akasema Jumamosi hii ana zamu. Jumamosi iliyofuata akasema ana mafua. Ya tatu akasema gari linakwenda vizuri, lisubiri kidogo. "Haya," kaka alisema, "ila usizidishe, oili ya zamani haina huruma." Kila alipokata simu alikaa ameishika mkononi muda mrefu. Hakuwa anamwogopa kaka yake. Kaka hakuwahi kumgombeza tangu utoto. Jambo moja tu ndilo asingeweza kumweleza: kwa nini hakumwambia mwanzoni, siku ambayo neno lingekuwa dogo.

Jumatano moja, saa sita mchana, foleni ya wagonjwa ikiwa imefika mlangoni, simu ikaita. Kaka alikuwa ananong'ona.

"Mdogo wangu, usishtuke. Nimelipata."

"Umepata nini?"

"Gari lako! Mteja wangu amenileta nimwangalizie gari la kununua, huku yadi. Naingia tu, namwona Shangazi kapangwa mstari wa tatu, wamempaka tairi dawa ya kung'aa. Wamekuibia, na wewe ukanificha usinipe presha. Nilishangaa unavyonikwepa! Sasa tulia. Nimeingia ndani kwa ule mlango wa nyuma wa kushoto usiofunga vizuri, nimejifungia, na siteremki mpaka polisi waje."

Mfamasia alishika meza ya kutolea dawa. "Kaka, teremka. Nakuja."

"Njoo na kadi ya gari!"

Akampisha msaidizi wake dirishani, akatoka na koti jeupe la kazini mwilini. Njia nzima alitunga maneno na kuyafuta. Alipobakiza mtaa mmoja kufika aliingia kituo cha mafuta, akaliacha gari jipya nyuma ya choo, pale ambapo halionekani barabarani, akatembea kwa miguu. Alijiona anavyotembea haraka, mkoba kwapani, kama mtu anayetoroka. Lakini hakurudi kulichukua.

Yadini kulikuwa na watu kumi na kitu. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, vioo vimepandishwa, jasho linamtiririka, mikono yote miwili kwenye usukani. Mlinzi wa yadi alikuwa amesimama mbele ya boneti. Yule mteja wa kaka, bwana mmoja mwenye kofia, alikuwa amesogea pembeni, hataki kuhusishwa. Kaka alipomwona mdogo wake, uso ulimchanua. Akateremsha kioo.

"Mwenyewe huyo kaja! Sasa mwambieni yeye kwamba mmelinunua! Gari hili nalijua kila nati. Nimelifungua na kulifunga kwa mikono hii miaka kumi na saba!"

Mfamasia alifungua mdomo. Bado kulikuwa na sekunde mbili tatu ambazo angeweza kulisema yeye. Muuzaji mwenye viatu vilivyochongoka akamtangulia.

"Ah, mama! Karibu tena. Mbona umekuja kwa miguu, lile jipya lina tatizo?"

Kaka alimtazama muuzaji, akamtazama mdogo wake, akayatazama mavumbi kwenye viatu vya mdogo wake.

"Lipi jipya?" akauliza taratibu.

Meneja wa yadi ndiye aliyemjibu, kwa fomu. Alikuwa ameishika tayari kwa ajili ya polisi. Kaka akateremka, akajifuta mikono kwenye ovaroli mbele na nyuma, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole ili asiichafue. Hakuwa msomaji wa haraka. Alisoma akisogeza midomo, na mfamasia, ambaye aliijua ile fomu, aliona pale midomo ilipofika. *Sababu ya kubadilisha: gari limechoka. Limekuwa likihudumiwa na fundi wa mtaani asiye na ujuzi.* Midomo ikasimama. Ikarudi nyuma, ikasoma tena. Halafu macho yakashuka hadi kwenye saini, ambayo kaka aliijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake kabla hajaanza shule.

"Sawa," alisema, akairudisha karatasi. "Samahani, meneja. Na wewe mlinzi, nimekusukuma pale, nisamehe. Nilidhani limeibwa."

"Kaka," alisema mfamasia.

Kaka alikuwa amemgeukia muuzaji. "Atakayelinunua mwambie mlango wa nyuma kushoto anyanyue kidogo ndipo afunge. Asubuhi ya baridi aliwashe dakika mbili kabla ya kuondoka. Na hiyo injini isifunguliwe. Haina tatizo. Mimi ndiye niliyelihudumia."

Muuzaji akatazama chini kwenye viatu vyake. Yule mteja mwenye kofia, aliyekuwa ameisoma fomu juu ya bega la kaka, akakohoa, akasema amekumbuka shughuli, atapiga simu. Akaondoka. Kaka alimpungia mkono kana kwamba ni jambo la kawaida, na mfamasia alijua hatapiga, kwa sababu nani atampa kazi ya kuchagua gari fundi aliyeambiwa kwa maandishi, mbele ya watu, kwamba hajui?

"Nikupeleke gereji," mfamasia alisema walipofika nje ya geti. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Gari liko wapi?"

Akanyoosha kidole upande wa kituo cha mafuta. Kaka hakuuliza kwa nini liko kule. Walitembea pamoja, wakazunguka nyuma ya choo, na lile gari jeupe lilikuwa pale linang'aa. Kaka alilitazama kwa jicho la kazi, akainama kidogo kuangalia chini yake, akasimama.

"Zuri," alisema. Naye hakuwa anatania.

Mfamasia akamfungulia mlango wa mbele. Kaka hakuingia. Alitazama kiti cha kitambaa cheupe, akatazama ovaroli yake, kisha akatoa gazeti mfukoni, akalikunjua, akalitandika juu ya kiti kwa uangalifu, pembe hadi pembe, ndipo akakaa.

"Kaka, usifanye hivyo. Tafadhali."

"Nina grisi, mdogo wangu. Litachafuka."

Aliketi wima njia nzima, mikono mapajani, asiguse mlango wala dashibodi. Gazeti lilikuwa likilia kila walipokata kona. Gari halikuwa na sauti nyingine yoyote, kwa hiyo mlio ule waliusikia wote wawili, kona zote tisa. Mfamasia alitaka kusema. Alikuwa amezoea kusema na kaka akiwa uvunguni. Hapa alikuwa amekaa pembeni yake, bega kwa bega. Walipofika kaka alikunja gazeti lake, akasema ahsante kwa lifti, akaingia kazini.

Nyumbani mfamasia alimsimulia mumewe yote, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa jiografia akakosa la kusema. Binti aliyekuwa akisikiliza mlangoni alikuja kukaa karibu na mama yake. "Ni kwa sababu yangu?" aliuliza. Mfamasia angeweza kulikubali hilo pia, lingempunguzia mzigo. "Hapana," alisema. "Wewe uliomba kushushwa kwenye kona. Mimi ni mtu mzima."

Alikwenda gereji Jumamosi, kwa miguu kutoka kituo cha basi, na safari hii hakuwa anaficha kitu. Mafundi wengine wawili walikuwepo, na mteja mmoja anayesubiri. Kaka alikuwa amesimama anasafisha plagi kwa brashi. Mfamasia alikuwa amepanga kumvuta pembeni, akaona hapana: kule yadini kaka alitukanwa mbele ya watu.

"Kaka, nilikuonea aibu," alisema kwa sauti. "Waliniuliza fundi wangu ni nani, nikaona haya kusema ni wewe. Nikasema fundi fulani tu. Wakaandika yale, nikayasoma, nikatia saini. Hawakunidanganya."

Brashi ikasimama. Fundi mmoja akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku la vifaa.

"Gari ni lako," kaka alisema. "Ungeniambia unataka jipya ningekwenda nawe, nikakuchagulia. Ningefurahi, unajua? Ningewatambia hawa." Akawaonyesha wenzake kwa brashi. "Hilo la gari halinisumbui."

"Najua."

"Yule bwana mwenye kofia amewasimulia watu. Juzi mteja wangu wa miaka na miaka kaniuliza kama nina cheti."

"Nitakwenda kwake. Nitamwambia ukweli."

"Nenda," kaka alisema. Hakusema usijisumbue, kama angesema zamani.

Alikwenda, akamkuta bwana mwenye kofia dukani kwake, akajieleza amesimama kaunta kama mwanafunzi aliyekamatwa. Bwana alimsikiliza, akasema ni mambo ya familia, yeye hana neno. Kama ilisaidia, mfamasia hakujua. Meneja wa yadi naye alikubali kuufuta ule mstari wa fomu kwa kalamu, ingawa aliyepaswa kutousoma alikwisha kuusoma.

Tangu hapo anakwenda gereji Jumamosi zote ambazo hana zamu. Gari jipya linahudumiwa na kampuni iliyoliuza, hivyo hana cha kupeleka, anakwenda mikono mitupu. Kaka humpa kiti na humjibu kila anachouliza. Anamwita mdogo wangu kama zamani. Ila siku hizi akimwona anaingia husimama, akachukua kitambaa, akakifuta kile kiti kwanza, na mfamasia hajapata namna ya kumwambia aache.