Sauti ya Mgeni Kwenye Albamu Yetu

Najua utasema nimetunga, kwa sababu kazi yangu ni kutunga nyimbo. Sitabishana nawe. Nakueleza tu yaliyotupata kijijini Lweba, mchana kweupe, mimi na mdogo wangu Neema.

Tulikuwa tunarekodi albamu juu ya kwetu Fizi, nyimbo za polepole: mimi gitaa, marafiki wawili viyolini, Neema akiimba. Studio yetu ilikuwa kanisa dogo kando ya ziwa. Tulipofika wimbo wa sita, wa wale waliokimbia vita kwa mitumbwi, akaingia mwanamke kijana, kitenge chake kinachuruzika maji. Mvua? Niamini, jua lilikuwa kali.

"Hii wimbo naijua," akasema. "Muniache niimbe kidogo na huyu dada."

Ungekuwa wewe, ungemkataza? Aliimba mpaka wapiga viyolini wakasahau kupiga. Alipomaliza akamgusa Neema kooni, taratibu, akatoka. Nikamfuata nimuulize jina. Ufuko ulikuwa mtupu, huku na huku.

Jioni, nyumbani kwetu mjini Baraka, tukasikiliza kazi yetu. Nyimbo zote sita, sauti ya Neema haimo. Ni ya yule mwanamke tu. Neema akafungua mdomo aimbe, ikatoka hewa. Kuongea anaongea. Kuimba, hapana.

Nikavuta kompyuta nifute yote, labda sauti ya Neema ingerudi. Mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa unga.

"Usifute, mutoto wangu! Huyo njo Riziki. Mudogo wangu!"

Riziki, mdogo wake mama, alizama wakati wa vita, mtumbwi ukivuka kwenda Kigoma. Mwili haukuonekana.

Ningefanya nini? Mama yangu mzazi alinipigia magoti. Nikamgeukia Neema.

"Acha tu, yaya," akaniambia mimi mkubwa wake, macho chini.

Nikaacha. Sasa nyimbo zimeingia kwenye simu za watu, Swima, Kazimia, mpaka Bukavu. Hata nikitaka kufuta, nitafuta wapi? Watu wanamsimamisha Neema njiani, wanamsifu kwa sauti nzuri, naye anasema asante. Jumapili anasimama na kwaya, midomo imefungwa. Na mama, kila asubuhi, anamsikiliza mdogo wake, anacheka peke yake.

Wewe unayerekodi nyimbo za kwenu, nisikie. Mgeni akiomba kuimba, muulize kwanza ni mtoto wa nani. Asipojibu, zima mashine, hata kama ni aibu. Mimi niliona aibu.